Naomba Chumba Changu Nacho Kiungue Kama vya Wenzangu

Kwa Ndugu Meneja wa Majengo,
Ofisi yenye mlango wa kioo, juu ya duka la mabomba.

YAH: KUBANDULIWA RANGI YA KUZUIA MOTO, CHUMBA NAMBA KUMI NA NNE

Ndugu Meneja,

Uniwie radhi kwa kuchelewa kukuandikia. Jambo lenyewe lina miezi mitatu na barua hii nimeianza mara tano. Ya kwanza ilitafunwa na mtoto, ambaye ana miezi minane na meno mawili na anapenda sana karatasi zenye mistari. Ya pili niliisinzilia, wino ukahamia shavuni, nikaenda bombani nikiwa na "Ndugu Meneja" usoni. Ya tatu niliiandika kwa hasira, nikaisoma asubuhi, nikaona aibu, nikaichana. Ya nne sijui iliko. Nadhani imo ndani ya mojawapo ya masanduku ya watu, ambayo nitayaeleza hapo mbele. Hii ya tano naiandikia juu ya sanduku la nguo za harusi isiyo yangu, kwa sababu meza yangu imekaliwa na cherehani isiyo yangu. Mtoto yuko mgongoni, amelala. Nikisimama ataamka, kwa hiyo nitaandika mpaka mwisho.

Ombi langu ni moja na si kubwa. Naomba mje mbandue ile rangi yenu ya kuzuia moto iliyo juu ya dari yangu. Naomba kwa heshima na kwa akili timamu, ingawa usingizi ndio sina.

Najua una majengo mengi, basi nikukumbushe hili letu. Ni lile refu, la bati moja, vyumba kumi na kimoja upande huu na kumi na kimoja upande ule, korido katikati, bomba uani. Miaka miwili iliyopita tulilalamikia joto, mkatuwekea chini ya bati lile povu gumu la njano, kama lililo ndani ya mlango wa friji. Tukashukuru. Joto lilipungua, na hata mvua ikaacha kutufokea. Baadaye mkagundua kwamba povu hilo likipata moto linawaka kama lililomwagiwa mafuta ya taa. Mkatuma wapakaji watatu na rangi maalumu, nyeupe, nzito kama uji, ambayo inasemekana moto ukiigusa inavimba na kulifunika povu lisiungue. Tukashukuru tena. Sisi ni watu wa kushukuru mapema, Ndugu Meneja. Ndiyo kasoro yetu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kitanda changu. Kila chumba kina kimlango cha dari cha kupandia juu. Lakini mkaguzi wenu hana ngazi, na sijui kama amewahi kuwa nayo. Katika vyumba vya wenzangu, kimlango kipo katikati ya chumba, mtu akitaka kukifikia labda aote mabawa. Changu peke yake kiko juu ya kitanda, na kitanda changu ni kirefu, cha mbao ngumu, alichokitengeneza marehemu baba mkwe makusudi ili chini yake ziingie ndoo na masufuria. Basi mkaguzi akija hapotezi muda. Anakuja moja kwa moja namba kumi na nne, anabisha hodi, anapanda kitandani, anainua kifuniko, anamulika tochi, anasema "Safi," anashuka, anaandika kwamba jengo zima ni safi.

Baba watoto ni mwoka mikate. Anatoka kazini watu wakiamka na analala mchana. Mara mbili amefumbua macho akakuta soli ya kiatu cha ofisi karibu na sikio lake. Mara ya kwanza alidhani amekufa na ndio anaanza kuulizwa maswali. Mara ya pili alisogea ukutani, akasema, "Pita, bosi," akaendelea kukoroma. Shuka langu nililoolewa nalo lina alama ya kiatu, mguu wa kushoto, saizi arobaini na tatu. Nimeifua mara sita. Haijatoka.

Sasa wapakaji nao hawakuwa wajinga. Walimuuliza msimamizi wa jengo, ambaye sisi wapangaji tunamwita Ijumaa-Ijayo kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila kitu: mkaguzi huwa anapandia wapi? Akawaonyesha. Wakavua viatu (wao walivua, nawashukuru), wakapanda kitandani kwangu, wakapaka. Wamepaka vizuri, siwezi kusingizia watu. Ndoo mbili nzima, wakarudia mara tatu, wakaingiza brashi hata kwenye kona ambako buibui mwenyewe hajawahi kufika. Juu ya chumba changu pakawa peupe pe. Kisha wakaosha brashi zao, wakanigawia ndoo tupu za kulowekea nepi, wakaenda zao. Vyumba ishirini na kimoja havikuguswa hata kwa ncha ya kidole.

Sikulaumu sana kwa hilo. Mimi ni mama wa nyumba, najua kufagia pale atakapokaa mgeni. Tofauti yetu ni kwamba mimi nikishafagia pale, siandiki cheti kwamba nyumba nzima inang'aa nikakitundika koridoni ndani ya fremu ya kioo.

2. Fundi umeme. Haya yote yangebaki siri yenu na panya. Lakini panya wenyewe walitafuna waya, mkamtuma fundi umeme. Huyo ni mtu mwembamba, aliingia darini kupitia namba moja kwa ngazi yake mwenyewe, akatambaa na tochi mdomoni, akatokea kwangu, akaning'iniza miguu juu ya kitanda. Akaniuliza, "Mama, una ndugu ofisini?" Nikamwambia sina hata ndugu mwenye kiti. Akasema, "Basi nani kakupendelea hivi? Natoka namba moja ni njano, njano, njano, ghafla peupe, nikadhani nimeshakufa kwa shoti nimefika peponi."

Angeyasema hayo chumbani, tungeyamaliza mimi na yeye. Aliyarudia koridoni, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza akiwa ndani ya dari.

3. Mizigo. Saa nane ya mchana ule ule, fundi cherehani wa namba kumi na tano alikuwa mlangoni kwangu, cherehani kichwani. Akasema, "Shoga, hii ndiyo mume wangu na ndiyo shamba langu. Niiweke wapi?" Nikamwonyesha meza. Ningefanyaje? Ndiye aliyemshonea mtoto wangu mkubwa sare ya chekechea kwa kitambaa kilichobaki.

Ukifungua mlango kwa mmoja umefungua kwa wote. Akaja mwalimu mstaafu wa namba kumi na moja na vyeti vyake vya miaka thelathini na minane, pamoja na vyeti vya wanafunzi ambao hawakurudi kuvichukua. Akaja binti wa namba tatu na sanduku la nguo zake za harusi. Harusi yenyewe mwanamume hajajulishwa. Wakaja wa namba saba na albamu nne za picha na hati ya kiwanja. Mlinzi wa namba ishirini na mbili akaleta mguu wake wa bandia wa akiba, akausimamisha nyuma ya mlango, na mpaka leo nikiamka kumnyonyesha mtoto nauambia mguu ule "Karibu." Namba ishirini walileta kuku. Wakasema ni kuku wa mayai makubwa. Huyo nilimrudisha. Hata mimi nina mpaka.

4. Watu wenyewe. Mizigo angalau haiongei. Bibi wa namba kumi na sita, ambaye tunamwita Bibi Redio kwa kuwa habari huanzia kwake, hakuleta kitu. Alijileta yeye. Ana kigoda chake. Kila mara wa namba tisa wakiwasha jiko la mafuta, Bibi anaingia, anaweka kigoda chini ya nyeupe yangu, anakaa. "Mwanangu, namba tisa kaweka maharage. Niko hapa mpaka yaive." Maharage, Ndugu Meneja, ni saa tatu. Wakipika ndizi napumua.

Nilipomuuliza kwa upole kama haoni anajisumbua, akaniambia ameshaishi miaka themanini na mmoja na hana mpango wa kuharibu hesabu hiyo kwa sababu ya maharage ya watu.

5. Mama mkwe. Alikuja kwa siku mbili kumwona mjukuu. Siku ya kuondoka alikuwa ameshabeba mkoba, ameshatuaga, ameshanipa mawaidha ya mlangoni. Ndipo akapishana na mtu anayeingia na redio ya mbao. Akauliza kulikoni. Bibi Redio akamweleza, kwa kirefu. Mama mkwe akautua mkoba. "Mke wa mwanangu," akasema, "mimi huko kwangu sina dari ya namna hii." Hiyo ni wiki ya saba sasa. Simsemi vibaya, anambembeleza mtoto vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Ila anambembeleza kwa nyimbo zinazohusu wanawake wasiopanga vyombo.

6. Jina. Nilikuwa na jina, tena zuri, alinipa bibi yangu mzaa mama. Sasa naitwa Mama Haungui. Watoto wananiita hivyo kwa heshima kabisa: "Shikamoo, Mama Haungui." Foleni ya bomba nikiomba kupita mbele kwa kuwa mtoto analia, nasikia nyuma, "Haraka ya nini, mwenzetu, wewe huungui!" Foleni nzima inacheka. Nami nacheka, maana nisipocheka nitamwaga ndoo. Wapo wanaosema nimehonga. Mtu aniangalie vizuri, kandambili zangu zimeshonwa kwa waya, halafu aniambie nilihonga kitu gani.

Lakini la namba tisa ndilo lililonifanya nikae chini niandike. Mama wa namba tisa ni mwenzangu. Tulibeba mimba pamoja, tukalazwa wodi moja, tukajifungua wiki moja. Siku maziwa yangu yalipogoma alimnyonyesha wa kwangu bila kuombwa. Ghafla akaacha kunisalimia. Nilivumilia wiki mbili, kisha nikamkamata kwenye kamba ya nguo, nikamwambia, "Nimekukosea nini?" Hakukasirika. Angekasirika ningejua pa kuanzia. Alisema tu, "Hujanikosea. Nikikuona wewe namkumbuka wa kwangu amelala chini ya njano." Akaendelea kuanika.

Ndugu Meneja, wale watoto wawili wamenyonya ziwa moja. Mkasema mmoja aungue na mwingine asiungue. Mliwachagua kwa urefu wa kitanda.

7. Baba watoto. Hili nimeliweka hapa kwa sababu nilichelewa kuliona. Chumba kimejaa. Kuna cherehani, vyeti, masanduku, mguu, Bibi na kigoda, mama mkwe na nyimbo. Mtu aliyesimama mbele ya tanuri usiku kucha atalala wapi? Mwalimu, kwa hisani, akamwambia, "Njoo kwangu, baba, kwangu sasa kuna nafasi." Ni kweli ana nafasi, vyeti vyake viko kwangu. Kwa hiyo kila asubuhi mume wangu ananipitia, anambusu mtoto, ananiachia mkate wa moto, kisha anakwenda kulala namba kumi na moja, chini ya njano.

Yaani karatasi za mwalimu ziko salama, na mume wangu yuko kwenye kuni. Nilipomweleza hivyo alisema, "Usiwaze, mke wangu, mimi na moto tunafahamiana." Mwoka mikate akikwambia hivyo huwezi kujua kama anakutuliza au anakuaga.

8. Hesabu ya mwalimu. Nilidhani angalau chumba changu ni salama. Mwalimu akanichorea jengo nyuma ya daftari la mtoto. Huko juu ya dari, akasema, hakuna kuta. Kuta zetu zinaishia kwenye dari. Kutoka hapo mpaka kwenye bati ni uwazi mmoja, kichwa hadi mkia. "Mama," akaniambia, na bado ana ile sauti ya darasani, "sisi sote tumejifunika blanketi moja. Wewe umeshonewa kiraka kisichoungua katikati ya blanketi linaloungua." Nikamuuliza je, kiraka kinasaidia? Akafikiri sana, akasema, "Kinasaidia kiraka."

Kutokana na hayo yote, nimepima mbele na nyuma, nimeona kwamba ofisi yako haiwezi kutufanya wote tusiungue. Ingeweza, ingeshafanya, watu wazima hawasubiri miezi mitatu kwa jambo wanaloliweza. Nilimuuliza Ijumaa-Ijayo rangi ya wenzangu itakuja lini, akanijibu lile jibu lake, kisha akaongeza, "Mama, wewe shukuru umepata." Basi kama haki ya kutoungua haitoshi kugawanywa, na igawanywe ile ya kuungua, ambayo ninyi mnayo tele. Naomba moja kati ya haya matatu, lolote lililo rahisi kwenu:

(a) Mje na vyuma vya kubandulia, mbandue nyeupe yote, nibaki na njano kama wenzangu. Nitahamisha Bibi.

(b) Kama kubandua ni kazi kubwa, pakeni juu yake rangi ya njano ya kawaida. Nafahamu kwamba chini itabaki ile ile, lakini tumeshakubaliana katika jengo hili kwamba kinachohesabika ni kile kinachoonekana kwa tochi.

(c) Kama hata rangi ya njano hakuna, niandikieni cheti. Mna ujuzi wa vyeti. Kiandikwe, kwa muhuri na saini, kwamba chumba namba kumi na nne kimekaguliwa na kuonekana kinaungua vizuri tu, sawa na vingine. Nitakitundika koridoni pembeni ya kile kingine. Fremu nitatafuta mwenyewe.

Hayo yakifanyika, cherehani itarudi kwa mwenyewe, mguu utarudi kwa mwenyewe, baba watoto atarudi kitandani kwake, mama mkwe atakumbuka kwamba ana kuku nyumbani, na rafiki yangu atanisalimia. Tutakuwa sawa. Sijaomba usalama, nimeshaona usalama unavyokaa na mtu mmoja. Naomba majirani zangu.

Nisalimie katibu wako, yule dada aliyenipa kiti siku ile nilipokuja na mtoto akatapikia kitabu cha wageni. Wasalimie wapakaji watatu, waambie soksi waliyoisahau ipo, imefuliwa. Msalimie mkaguzi na mguu wake wa kushoto. Hapa wote hawajambo. Bibi Redio anasema nikuulize kama una mama, na kama yupo, basi asalimiwe sana, na analala chini ya rangi gani.

Ni mimi, mpangaji wako asiye na usumbufu,

Mama Haungui
(jina nililopewa bila kuombwa)
Chumba Namba Kumi na Nne


Nyongeza, baada ya bahasha kufungwa na kufunguliwa tena kwa mvuke wa birika.

Ndugu Meneja, yafute yote ya hapo juu. Usibandue. Atakayekuja na chuma cha kubandulia atanikuta mlangoni, na nyuma yangu atamkuta mama mkwe.

Ilikuwa hivi. Nilitaka kukuwekea ushahidi ndani ya bahasha, usije ukasema nimetunga. Nikapanda kitandani na kisu cha jikoni, nikakata kipande cha nyeupe yangu pamoja na povu lake, ukubwa wa kiberiti. Mwalimu akanipa cha njano yake, ukubwa ule ule. Fundi cherehani ndiye aliyesema, "Kabla hujavituma si uvijaribu?" Tukaenda uani, tukapindua karai, tukaviweka juu. Jengo zima likatoka. Kuna watu sikujua wanaishi hapa. Kiberiti alikuwa nacho mama wa namba tisa, maana ndiye mwenye jiko. Akakiwasha yeye mwenyewe, bila kuniangalia.

Cha mwalimu kiliondoka kabla sijamaliza kusema "jamani." Moshi mweusi, mchungu, ukatufukuza mpaka bombani. Kwenye karai hapakubaki hata cha kuokota.

Changu kikapewa njiti ya pili. Kikawa cheusi. Kisha kikaanza kuvimba. Kilivimba polepole, kikajikunja, kikatoa ganda nene, njiti ikazimika vidoleni mwake, akawasha ya tatu, nayo ikazimika. Baba watoto alikuwa amesimama nyuma yetu, katoka kulala kwa mwalimu, shavu lina mistari ya mkeka. Akapenya, akachuchumaa, akalivunja lile ganda kwa kidole gumba kama anavyokagua mkate. Ndani povu lilikuwa njano, zima, halijui kilichotokea. Akaliangalia akasema, "Huu umeumuka sawasawa."

Mama wa namba tisa aliangalia mabaki ya cha njano, akaangalia changu, akamtoa mwanawe mgongoni, akaniwekea mikononi. Nami nilikuwa na wa kwangu mgongoni, nikasimama pale na wote wawili, nikaona aibu kubwa kuliko ile ya barua ya tatu. Nilikuwa nakuomba uondoe kitu kinachofanya kazi.

Basi nimebadilisha mpangilio. Cherehani, vyeti, masanduku, albamu na redio nimevirudisha vyote kwa wenyewe leo leo, na aliyenuna amenuna. Mguu wa mlinzi umerudi kwake. Bibi Redio ametoa kigoda chake mwenyewe kabla sijamwambia, akasema miaka themanini na mmoja inamtosha kusubiria uani. Kuanzia leo, majiko yanapowashwa, wanaokaa chini ya nyeupe ni watoto wa jengo zima. Mama mkwe ndiye mwangalizi, na ameahidi kubadilisha nyimbo. Najua alichosema mwalimu kuhusu kiraka na blanketi, nami nimekuelewesha wewe. Sitaki kiraka. Kwa hiyo ninayohitaji mnitumie ni haya, na nimeyahesabu mwenyewe:

Rangi ya kuzuia moto, ile ile nyeupe, ndoo arobaini na sita. Ni ndoo mbili kwa kila chumba, vyumba ishirini na kimoja, na nne za koridoni. Msipunguze, nimeshika ndoo tupu mbili za kupimia.

Kijiko kimoja zaidi cha rangi hiyo, cha kuziba pale nilipokata mimi.

Wapakaji wale wale watatu. Waanzie namba ishirini na mbili, waje kuelekea kwangu, na soksi wataikuta kwangu wakishamaliza.

Mkaguzi, akiwa na ngazi. Namba ya chumba cha kupandia ataiokota kama kura kutoka kwenye kilemba cha Bibi Redio, macho yamefumbwa. Kitanda changu kimestaafu.

Cheti kipya. Kile cha koridoni tulikijaribu nacho juu ya karai, kwa haki ile ile. Kinaungua. Nakuwekea kona iliyobaki, ile yenye saini yako.

Tarehe. Yenye namba na mwezi. Ijumaa ijayo tunazo za kutosha.

Na mikeka mitatu, kwa sababu chumba ni kile kile, na watoto ni kumi na tisa.